Mabibi Harusi Wawili, Sanduku Moja

Nyinyi mliozaliwa mkaikuta intaneti kama mlivyolikuta jua, simu ikikwama kidogo tu mnaitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Itikiseni, haina neno. Lakini nataka mjue kwamba mahali fulani chini ya ardhi, kati ya Kwale mlimani na miwa ya Ramisi, kuna nyuzi za kioo, na kuna watu waliolala kifudifudi kwenye mavumbi ili nyuzi hizo zishikane. Mimi ni mmoja wao. Nilistaafu nikiwa fundi wa faiba. Nikiyasema hayo barazani, wazee wenzangu hunipa pole, wakidhani ni ugonjwa.

Basi tuanze polepole, kwa sababu kazi hii haipendi haraka. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga huingia upande huu ukatokea upande ule, na ndani ya mwanga huo mna picha, sauti, na hayo maneno ya mapenzi mnayoandikiana usiku. Waya mmoja mweusi, mnene kama kidole, una nyuzi nyingi ndani, kila mmoja na rangi yake ili fundi asipotee. Mwenye waya huwa anatumia nyuzi mbili au tatu tu. Zilizobaki hulala gizani miaka na miaka, hazili, hazinywi, hazimsumbui mtu. Likumbukeni hilo la nyuzi zilizolala, maana ndilo lililotuletea fujo.

Na kabla sijasahau: ukikata uzi wa kioo, kile kipande kidogo kilichobaki usikipanguse kwenye suruali. Nilifanya hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kisha nikaenda nikakaa chini kula chakula cha mchana. Sitawaeleza mengi. Tieni vipande vyenu kwenye kichupa chenye kifuniko, mshukuru Mungu kwamba mna wa kuwaambia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Vanga, mwenye mikono mikubwa kama makasia. Usingedhani mikono ile inaweza kushika unywele. Lakini Bakari alikuwa akishika nyuzi mbili za kioo, akazisafisha kwa spiriti, akazilaza kwenye mashine ya kuungia uso kwa uso, cheche ikapita, na hapo walipokuwa wawili akabaki mmoja. Kila mara akimaliza husema, "Alhamdulillahi, wameoana." Nilidhani ni mzaha wa kazini. Sikujua kwamba siku moja nitafanywa mshenga wa kweli wa nyaya.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na ofisi mbili za umma. Majina yao sitayataja, wengine bado wako kazini na mimi bado napita mbele ya milango yao. Tuziite Watu wa Maji na Watu wa Barabara. Watu wa Barabara walikuwa na waya uliotoka Kwale kule juu, ukateremka Kombani, ukapita Ukunda, ukafuata barabara kuu kuelekea Msambweni na mbele kidogo, kisha ukakoma shimoni, ng'ambo ya kituo kimoja kidogo cha afya. Watu wa Maji walikuwa na waya wao uliolala pamoja na bomba, ukitoka kwenye mashamba ya miwa, ukapita kwenye tangi lao kubwa, nao ukakoma shimoni, nyuma ya kituo hicho hicho cha afya. Kati ya shimo na shimo palikuwa na barabara, ukuta, na mkorosho. Ungeweza kusimama kwenye shimo hili ukamsikia fundi wa shimo lile akipiga chafya, ukamwambia yarhamukallah.

Na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Watu wa Maji walitaka picha ya tangi lao ifike ofisini kwao Ukunda, waone maji yakipanda na kushuka. Wakati huo walikuwa wamemweka mtu chini ya tangi, anapanda ngazi, anachungulia, kisha anapiga simu. Siku hana salio, Ukunda nzima haijui kama ina maji. Watu wa Barabara nao walitaka kufika karakana yao kule kwenye miwa, ambako waya wa Maji umepita mlangoni kabisa. Huyu ana nyuzi zilizolala, na yule ana nyuzi zilizolala. Mtoto wa chekechea angewaambia waunganishe.

Lakini hawakuunganisha, kwa sababu ya neno moja: hodi. Nani apige hodi kwanza?

Nilikuwa nimeazimwa kutoka ofisi nyingine niwasaidie kupatana. Nilienda kwa mkuu wa Watu wa Barabara, Bwana Shee, mtu nadhifu ambaye hata kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Nikamweleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema waya wake uko tayari wakati wowote, ila Maji ndio wenye shida, basi waje waombe. Nikaenda kwa mkuu wa Watu wa Maji, Bwana Katana, mtu mkubwa wa sauti na tumbo. Naye akasema Barabara ndio wenye shida. Waje, watawakaribisha, chai ipo. Nikarudi kwa Shee. Nikarudi kwa Katana. Viatu vyangu viliisha upande mmoja. Wote wawili waliajiriwa na umma ule ule, wakilipwa kutoka mfuko ule ule, lakini mngewaona mngedhani ni masultani wa visiwa viwili.

Aliyekuwa akiumia katikati ni Bi Mwanasha, sista mkuu wa kile kituo cha afya. Alikuwa amepewa mashine ya eksirei na wafadhili. Mashine nzuri, mpya, bado ikinuka plastiki. Ila hapakuwa na daktari wa mifupa karibu. Aliyekuwepo alikaa hospitali iliyoko juu Kwale. Kwa hiyo picha zilitiwa kwenye flashi, flashi ikapewa mtu wa bodaboda, akapanda nayo mlimani. Siku moja bodaboda alipitia sokoni kwanza, na flashi ikauzwa pamoja na gunia la machungwa. Kuna mtu Mombasa amemenya chungwa akakuta goti.

Wafadhili walipopata habari hizo wakaweka sharti. Mkaguzi wao atakuja Alhamisi fulani. Siku hiyo apigwe mgonjwa mmoja picha, picha ifike kwa daktari Kwale kwa waya, na jibu lirudi kabla ya jua kuzama. Likikosekana jibu, mashine itang'olewa ipelekwe kaunti nyingine iliyojipanga. Bi Mwanasha alinieleza haya akiwa ameishika ile mashine begani, kama mtu aliyemshika mtoto wake asipelekwe kwa shangazi.

Nikamwambia shida si ufundi. Shida ni kwamba shimo la Barabara litafunguliwa mara moja tu, maana ukifungua waya, wote walioko njiani hukatikiwa. Na Bwana Shee hafungui mpaka Maji wapige hodi, na Maji hawapigi.

Bi Mwanasha akafikiri. Mwanamke wa Kidigo akinyamaza namna ile, muogopeni.

"Mzee Ali," akaniambia, "hawa wote wawili wanataka kuwa bibi harusi. Wanataka wakae ndani, wajifukize udi, wafuatwe."

"Ndivyo ilivyo, sista."

"Basi wafuatwe. Bwana harusi ni mimi."

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Akasema kituo chake hakina waya wowote, kwa hiyo yeye ndiye mhitaji, na mhitaji ndiye atokaye kwao kwenda kuposa. Hana cha kujivunia, hana cha kupoteza, ila ana ukuta mzuri wa kutundikia sanduku. Nyaya zote mbili zije kwake. Hakuna atakayekuwa amekwenda kwa mwenzake.

Nataka mlione jambo hili vizuri, nyinyi vijana mnaosomea mitandao, kwa sababu mtaambiwa darasani kwa maneno mazito kuliko haya. Watu wawili wakikataa kuingiliana nyumbani, watafutie nyumba ya tatu isiyo ya yeyote kati yao. Huo ndio ujuzi wote. Vitabu vimeuchorea michoro mingi, mimi niliufundishwa na sista mwenye sinia la halua.

Maana tulikwenda na halua kweli, na kaimati, na birika la kahawa. Mimi mbele kama mshenga, nimevaa kanzu, Bi Mwanasha nyuma na leso mpya mbili, moja ya kila ofisi. Kwa Bwana Shee nilibisha hodi, nikatoa salamu, nikaanza kama inavyoanzwa: kwamba tumepita njiani tukaona ua zuri kwenye bustani yake, na kijana wetu halali kwa kuliwaza.

Shee akaitazama halua, akanitazama mimi. Lakini ukimlea mtu Pwani, posa ikianza mdomoni mwako, mdomo wake hujibu wenyewe.

"Ua lipi, maana bustani ina mengi?"

"Lile jeusi, refu, lililolala kando ya barabara."

"Na huyo kijana wenu ana kazi?"

"Anapiga picha," nikasema.

"Ana nyumba?"

"Ana ukuta, umepakwa chokaa."

Akacheka mpaka akaharibu mpango wa kalamu zake. Akasema amekubali, binti yake ataletwa mpaka ukutani. Kisha akakumbuka kuuliza kama kijana ana mke mwingine. Nikamweleza ukweli, kwamba leo hii hii, kutoka hapa, tunakwenda kuposa nyumba ya pili.

Kwa Bwana Katana mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa sababu alizianza kaimati kabla sijamaliza salamu. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Mke mkubwa ni nani?"

"Hakuna mkubwa. Mnaolewa siku moja, saa moja."

"Na ndani ya hilo sanduku tutakaaje?"

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza nyinyi, kwamba wake wenza waliostaarabika hukaa ua mmoja lakini kila mmoja ana mafiga yake. Sanduku ni moja, ila kila uzi una njia yake. Mwanga wa Maji hauingii kwenye uzi wa Barabara, wala wa Barabara haunusi kwa Maji. Hata mkigombana kule ndani, vyungu havitachanganyika. Niliyasema haya kwa uhakika mkubwa sana. Ngojeni.

Kazi tuliipanga vizuri. Bakari atakaa kwenye kituo cha afya, mbele ya sanduku, aunge nyuzi zote, pamoja na uzi wa Maji ambao Barabara walipewa wafike karakana yao. Kwenye waya wa Barabara aliazimwa nyuzi mbili: mmoja wa picha za Bi Mwanasha, upande mlima mpaka Kwale kwa daktari, mwingine wa picha ya tangi, uishie Ukunda kwenye ofisi ya Maji. Huko Ukunda alikuwa fundi mwingine, Mutheu, binti aliyetoka Machakos akaajiriwa na Watu wa Maji, mwepesi wa mikono na mkali wa vipimo. Kazi yake ni kuutoa uzi wa tangi pale Ukunda, auingize ofisini, na ule mwingine auache uendelee zake mlimani.

Picha zenyewe zilikuwa zinasukumwa na visanduku vidogo vilivyonunuliwa duka moja, Mombasa. Visanduku hivyo havina akili wala havina adabu. Unachokiweka mbele ya kimoja, chenzake cha upande wa pili hukionyesha kwenye skrini, bila kuuliza cha nani.

Bakari akapiga simu Ukunda. Nilikuwa nimesimama naye, nilisikia kila neno. Akasema, "Mutheu, sikiliza. Tangi nimeliweka samawati. Umenisikia? Tangi, samawati." Mutheu akajibu amesikia. Wakapima kwa taa: Bakari akawasha kalamu yenye mwanga mwekundu kwenye nyuzi zote mbili, Mutheu akaona mwanga umefika kwenye nyuzi zote mbili. Wakapongezana. Bakari akasema alhamdulillahi, wameoana.

Alhamisi ikafika. Pale kituoni palifagiliwa mpaka kuku wakahama. Mkaguzi alikuwa mama mpole mwenye miwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki akinywa dafu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshateuliwa: Bibi Mwanatumu, ajuza aliyeteleza kwenye kumbi la nazi akaangukia kiganja, mkono umefungwa kwa leso shingoni. Alikuwa ameshaambiwa kabla ya hapo apande Kwale, akakataa, akasema alikwenda mara moja zamani na baridi ya kule ilimfanya aote yumo ndani ya jokofu. Akakaa kwenye benchi nje ya dirisha, akingoja kuitwa.

Wakuu wawili wakaja, kila mmoja na gari lake. Na hapo ndipo ujinga ulipokaribia kutumaliza. Mnajua bibi harusi hafiki mapema. Shee alipoona Katana bado yuko nje, akajifanya anafunga kamba za viatu. Katana alipoona hivyo, akaanza kuukagua mkorosho. Nilipowaomba waingie, wakafika mlangoni pamoja.

"Karibu, Bwana Katana, tangulia."

"La, la. Tangulia wewe, Bwana Shee."

"Haiwezekani. Wewe ni mgeni wangu."

"Mimi ni mgeni wako tangu lini? Tangulia."

Na kila mmoja, kwa heshima tupu, akawa anarudi nyuma hatua moja ili mwenzake apite. Shee akarudi nyuma, akagonga gari. Katana akarudi nyuma, na nyuma yake palikuwa na mtaro mpya wa waya wa Barabara, tulioupitisha chini ya barabara mpaka ukutani, na mwisho wa mtaro ule palikuwa na shimo ambalo mfuniko wake ulikuwa umeegemezwa mkoroshoni ukaushwe rangi, kwa ajili ya mgeni rasmi. Tulimwona Katana, kisha hatukumwona.

Tulimtoa watu wanne, mguu wa kulia umeanza kuvimba kama andazi. Bi Mwanasha hakupoteza muda. Alimtazama mkaguzi, akautazama mguu, akasema Bibi Mwanatumu atasubiri kidogo, mgonjwa wa kwanza ndiye huyu. Katana akalazwa kwenye mashine, akipiga kelele kwamba hajavunjika, na kwamba akivunjika atajua yeye kwanza.

Picha ikapigwa. Ikatokea safi kwenye skrini ya kituo, mifupa myeupe kama sabuni. Bi Mwanasha akabonyeza itumwe. Simu yake ikalia, akaiweka kwa sauti ili mkaguzi asikie.

"Salaam aleikum, sista," akasema daktari kutoka Kwale. "Mgonjwa wenu nimemwona."

"Aleikum salaam, daktari. Unamwonaje?"

"Mviringo."

Bi Mwanasha akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Bakari.

"Ni mviringo," daktari akaendelea, kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya, "wa saruji, na ana ngazi ubavuni. Kunguru amemkalia kichwani. Naomba mniambie umri wake."

Mkaguzi akaweka dafu chini. Akauliza, bila ubaya wowote, "Daktari anaona mguu, au haoni mguu?"

Ningekuwa mimi ningesema uongo kidogo. Bi Mwanasha hakusema. Alivuta pumzi, akajibu, "Haoni, mama. Anaona tangi la maji." Na mkono wake ukaenda wenyewe kushika bega la ile mashine.

Wanangu, nimefanya kazi juani, mvuani, nimefukuzwa na nyuki Mkongani, nimekatiza waya wa harusi ya watu, lakini sijawahi kuona aibu ndefu kama ile. Mkaguzi akafungua mkoba wake. Bakari akawa anazitazama rangi za nyuzi moja moja. Na hapo hapo, mfukoni mwa Bwana Katana, juu ya meza ya eksirei, simu ikaanza kulia. Ilikuwa inatoka ofisini kwake, Ukunda. Naye kwa kuwa hakuweza kujigeuza, akaiweka kwa sauti.

"Mkuu," ikasema sauti ya fundi bomba wake, "picha ya tangi imekuja, lakini si tangi. Ni bomba."

"Bomba gani?"

"Mabomba mawili yamelala sambamba, moja nene, moja jembamba. Hilo nene ni zima. Hilo jembamba lina ufa, juu kidogo ya kiungo cha chini. Wateja wote hapa wameuona. Nitume watu wakachimbe?"

Katana akautazama mguu wake. Akatazama skrini. Akautazama mguu tena.

"Usichimbe," akasema taratibu. "Hilo bomba ni mimi."

Hapo ndipo Bakari alipopiga kofi paji lake la uso na kuninyang'anya simu yangu ampigie Mutheu.

"Mutheu, mwanangu, tangi nilikwambia liko wapi?"

"Samawati, mzee. Na samawati ndiyo niliyoiingiza ofisini."

"Samawati ipi?"

"Hii ya kwanza kabisa."

"Hiyo ni buluu, ya eksirei."

"Mzee, shuleni buluu ndiyo samawati. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikawekewa vema."

Bakari akakaa chini sakafuni. Akauliza, bila hasira, mbingu ya kwao Machakos ina rangi gani. Mutheu akajibu, samawati. Bakari akasema hata ya kwao Vanga, ila ya Vanga asubuhi ni nyepesi, imechovya kidogo kwenye kijani, kama maji ya mwambani. Ile rangi ya mwisho kwenye waya, nyepesi, hiyo ndiyo samawati ya Mzee Bakari. Mutheu akacheka kule Ukunda, tukamsikia. Wote wawili walikuwa sahihi, na kati ya usahihi wao wawili mguu wa Bwana Katana ulikuwa umetundikwa ukutani mbele ya watu waliokuja kuulizia mita.

Basi chukueni somo lenu hapa, maana sitalirudia. Mnapopima kwa taa, msiwashe nyuzi zote kwa pamoja. Washa mmoja, muulize mwenzako anaona wapi. Zima. Washa wa pili. Mwanga ni kama mtoto anayelia kwenye hadhara: kusikia kwamba kuna mtoto haitoshi, lazima ujue wa nani. Na rangi msitajiane kwa jina peke yake. Taja na nafasi yake kwenye waya, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Hesabu haina lahaja.

Mutheu akabadilisha nyuzi zile mbili. Shee, ambaye tangu Katana aanguke alikuwa amekishika kiatu cha mwenzake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika amana, akaja akasimama kando ya meza. Akasema mfuniko ulikuwa wake na rangi ilikuwa yake, amsamehe. Katana akasema laiti angekubali kutangulia. Shee akasema laiti naye angetangulia. Nikawaomba wasianze tena.

Simu ya Bi Mwanasha ikalia.

"Sista, sasa naona binadamu," akasema daktari. "Mfupa mwembamba wa mguu una ufa, juu kidogo ya kifundo. Haujahama. Mfungeni gango leo, plasta ngojeni uvimbe upungue. Lakini nieleze, mbona mnasikika kama mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tumeshaambiwa na fundi bomba," akajibu Bi Mwanasha.

Daktari akauliza kama fundi huyo yuko tayari kuhamia Kwale.

Mkaguzi alikuwa amevua miwani anafuta machozi, na hayakuwa ya huzuni. Akatoka mlangoni, akalitazama jua. Lilikuwa bado juu ya minazi. Akarudi ndani, akaufunga mkoba aliokuwa ameufungua. Akasema sharti lilikuwa picha ifike na jibu lirudi. Jibu limerudi, tena mara mbili, na la kwanza lilikuwa sahihi kuliko la hospitali nyingi alizozizungukia. Mashine ibaki pale ilipo.

Bi Mwanasha hakupiga vigelegele. Aliiondoa tu mikono yake kwenye bega la mashine, kama mtu anayemwachia mtoto akacheze. Akawaomba wanaume wambebe Bwana Katana pembeni, akaifuta meza, akatoka nje mpaka kwenye benchi lililo chini ya dirisha, ambako Bibi Mwanatumu alikuwa amekaa muda wote huo na masikio yake mazima.

"Ingia, bibi," akamwambia. "Zamu yako. Huendi tena Kwale."

Bibi Mwanatumu akasimama taratibu, akautengeneza mkono wake ndani ya leso, akachungulia ndani kwanza kabla ya kuvuka kizingiti.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nipige ile ya mifupa. Ya mabomba si mmeshampa huyo bwana?"